Mwalimu Aliyejibu kwa Sentensi Kamili

Tulimwita Mwalimu. Hata meneja wetu, ambaye hakuweza kutamka jina la mtu yeyote wa jikoni bila kulivunja mguu, alimwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Alizaliwa wapi, baba yake nani, mume alikwenda wapi, hayo aliyafungia moyoni, na mtu aliyejaribu kuyachokonoa alijibiwa, "Kwani wewe ni karani wa sensa?" Ninachojua ni kwamba huko Kenya bara alikuwa amefundisha sayansi kimu katika shule ya sekondari ya wasichana. Mimi nilipomkuta Dubai, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, alikuwa mpishi wa tambi na wali wa Kispania katika mkahawa wa hoteli moja ya Marina, na alikuwa na hamu moja tu duniani: kwenda Italia na Uhispania akawaone wenyewe wanavyokula.

Si kutalii. Ukitaja utalii alikuwa anakasirika kweli. Alitaka kusoma.

"Nimepika chakula cha watu hawa miaka yote hii," alikuwa akisema, "na sijaingia jikoni kwa hata mmoja wao. Huo ni upishi au ni uchawi?"

Tulikaa mtaa wa Karama, wanawake sita chumba kimoja, kila mtu na kitanda chake na pazia lake. Kitanda cha Mwalimu kilikuwa cha chini, kando ya dirisha lisilofunguka, na nje ya dirisha kulikuwa na mashine za viyoyozi vya jirani zikinguruma mchana kutwa. Pasipoti zetu hatukukaa nazo. Zilikuwa ofisini, kwenye kabati la chuma nyuma ya meza ya meneja, na ukiuliza unaambiwa ni kwa usalama wenu. Mwalimu alilipokea neno hilo kwa heshima zote, "Yes sir, thank you sir," halafu tukifika kwenye treni ananiambia, "Kuku naye tunduni huambiwa ni kwa sababu ya kicheche." Hakuna aliyeweza kutoka nchi ile bila pasipoti, nayo haikutoka kabatini bila ruhusa ya kafeel, mwajiri anayekudhamini, na yeye ambaye fikra zake hazikukaa kitako siku moja, ndiye aliyeumwa na jambo hilo kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa nalala tu. Yeye alikuwa anahesabu njia za reli za nchi ambayo hajaiona.

Na alikuwa na masharti, jamani! Siku ya ofu, tukipika chumbani, mezani palikuwa Italia. Meza yenyewe ilikuwa ubao juu ya masanduku mawili, lakini hapo hapo ulitakiwa kula tambi kwanza, peke yake, halafu nyama ije baadaye peke yake. Kuvichanganya kwenye sahani moja kulikuwa dhambi. Jibini juu ya tambi za samaki, dhambi. Kapuchino baada ya chakula cha mchana, hiyo ilikuwa dhambi kubwa kabisa, ingawa hakuna mmoja wetu aliyekuwa na mashine ya kapuchino. Siku moja dada yetu Mganda, aliyekuwa mlinzi wa hoteli jirani, mwanamke mkubwa mwenye cheko la kutikisa ukuta, alichukua chupa ya tomato sauce akaimimina juu ya tambi za Mwalimu kama anayemwagilia sukuma wiki. Mwalimu aliweka uma chini.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Njaa, Mwalimu."

"Njaa haifundishi. Jibu kwa sentensi kamili."

"Mimi, niliye na njaa, ninaweka sauce kwa sababu Italia yako iko mbali na chupa iko hapa."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwalimu mwenyewe alijikaza, akajikaza, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Hiyo sentensi kamili ilikuwa ugonjwa wake wa ualimu. Ukimuuliza kama kuna chumvi, hakukwambia ipo. Alikwambia chumvi ipo, iko wapi, ni ya aina gani, na kwa nini Waitalia huitia kwenye maji kabla ya tambi.

Usifikiri alikuwa mtu wa mpangilio huo saa zote. Yeye aliyetukataza kula tumesimama, mimi nimemkuta mara ngapi jikoni kazini, amesimama nyuma ya mlango wa friji, anachota ugali wa jana kwa vidole kutoka mkebe wa plastiki, anakula upesi upesi kama mwizi. Alikuwa ameokoka, akitulazimisha kusali kabla ya kula, na hapo hapo alikuwa bingwa wa kupika kwa mvinyo. Hakuuonja hata tone. Aliumimina, akaunusa kwa mbali, kisha ananiita: "Njoo uonje wewe. Mimi nimeokoka." Roho yangu je, ikawa haina mwenyewe? Nilimuuliza hivyo. Akasema roho yangu angeiombea kwa hiari yake Jumapili, sasa nimwambie kama mchuzi una ukali.

Kuhusu wali wa Kispania, hapo ndipo nilipomwona akigombana na meneja kwa mara ya kwanza. Wali ule, paella, hupikwa kwenye chuma kipana kisicho na kina, na haukorogwi. Chini unashika, unakuwa na ukoko wa rangi ya kahawia. Sasa sisi wote tumekulia kwenye ukoko. Kwetu watoto walipigana makofi kwa ajili yake, na Waunguja niliofanya nao kazi baadaye waliniambia kwao ni vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa amemuuliza mteja mmoja, mzee wa Kispania aliyekuja na wajukuu, akaambiwa kwamba hata huko kwao ukoko ndio unaogombewa, na kwamba Jumapili wanaoupika wali huo ni wanaume, nje uani, kwa kuni. Alirudi jikoni amewaka.

"Wanaume! Wanapika wali wanaume, na wanapigania ukoko! Hawa watu ni ndugu zetu, mnasikia?"

Kutoka siku hiyo alipakua wali pamoja na ukoko wake. Wateja, ambao wengi hawakuwa Wahispania hata kidogo, walirudisha sahani wakisema umeungua. Meneja akaja. Mwalimu akamweleza kwa sentensi kamili. Meneja akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Khalas, Mwalimu. No black rice," na kesho yake yakaletwa masufuria yasiyoshika. Alipika humo kwa miaka. Kila alipogeuza ule wali mweupe mlaini usio na chini wala juu, alikunja uso kama aliyelishwa dawa.

Na ugali wa Kiitalia je? Siku polenta ilipoingia kwenye menyu, jiko zima la Waafrika liliangua kicheko. Unga wa mahindi, maji, chumvi, mwiko. "Mwalimu, huu si ugali?" Nilitegemea afurahi, kwa jinsi alivyokuwa akitafuta undugu kila sahani. Badala yake akawa mkali. Ugali ni ugali, alisema, polenta ni polenta. Ugali hautiwi siagi wala hauombi radhi. Akaongeza jambo ambalo nilikuja kulifikiria sana: kwamba huko Italia watu wa kusini waliwahi kuwacheka wa kaskazini, wakiwaita walaji polenta, na kwamba mtu akishakuita kwa jina la chakula chako amekwisha kukupangia kiti chako. "Nataka kwenda nikawaulize walioitwa hivyo walijisikiaje," akasema. "Hilo halipo kwenye menyu."

Kila mwaka meneja alimwambia mwaka ujao atapelekwa. "Next season, inshallah." Mwalimu aliamini. Sisi tulishaacha kuamini kwa niaba yake, na dada Mganda alikuwa akimtania kwamba Italia yenyewe itakuja Karama kumtazama kabla yeye hajafika. Hakukasirika. Alijibu kwamba anayesubiri mwalimu aingie darasani hakai bure, anasoma sura inayofuata.

Basi kumbe safari ikaja kweli. Ilikuwa wakati barabara za Marina zimechimbuliwa kwa ajili ya tramu, vumbi kila mahali. Wenye hoteli walitaka kufungua tawi jipya na wakasema wapishi wawili watakwenda Italia halafu Uhispania, wakae majikoni ya watu, wajifunze. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, hakuna aliyebisha. Wa pili nikawa mimi, si kwa kipaji, Mungu ananiona, bali kwa sababu jiko langu lilikuwa linafuata lake. Kabati la chuma likafunguliwa. Mwalimu aliishika pasipoti yake kwa mikono miwili akatazama picha, akasema, "Nilikuwa kijana," kisha akaitia kifuani na hakuitoa mpaka tulipofika nyumbani.

Iliyobaki ilikuwa mahojiano ya viza.

Mwenzangu, yule mama alijiandaa kama anayekwenda kufanya mtihani wa taifa. Alipiga pasi suti yake ya kufundishia aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Alikariri majimbo ya Italia kutoka juu hadi chini, na jibini la kila jimbo. Alinisaili mimi pia kwenye treni, nikakosea, akanisahihisha mbele ya watu. Tulipokuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki katika ile ofisi ya Bur Dubai, tukingoja namba zetu, aliniinamia akaninong'oneza: "Usiogope. Maswali yote yana alama. Usiache nafasi tupu."

Aliitwa kwanza. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, kwa hiyo nilisikia. Binti wa dirishani alimuuliza anakwenda kufanya nini.

Mtu mwingine yeyote angesema kazi. Mwalimu akavuta pumzi, akaanza. Alieleza tambi za mayai za Bologna na tambi za ngano ngumu za kusini. Alieleza ukoko. Alieleza walaji polenta na aibu yao. Aliongea Kiingereza chake kizuri cha darasani, mkono ukipanda na kushuka, na mimi nilijivuna, nikasema moyoni, waone, waone tulicho nacho. Binti yule aliacha kuandika akawa anamtazama tu. Na Mwalimu, kwa kuona anasikilizwa, akamalizia kwa sentensi ambayo nadhani ndiyo aliyoiandaa miaka yote ile: kwamba nchi hizo anazipenda kiasi kwamba angeweza kukaa huko maisha yake yote na bado asimalize kujifunza.

Binti akaandika kitu kifupi.

Zamu yangu nikaulizwa ninakwenda kufanya nini. Nikasema, "Kazi." Nitarudi? "Ndiyo." Nikaambiwa asante.

Majibu yalipotoka, pasipoti yangu ilikuwa na viza. Yake ilikuwa na karatasi iliyosema hakuna hakika kwamba mwombaji ataondoka muda wake ukiisha. Aliisoma amesimama kando ya barabara, jua la Dubai likimpiga utosini, akairudia. Akauliza, "Lakini nilikosea swali gani?" Nilimwonea huruma, na hapo hapo nilimkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimemsikia akijifungia mlango mwenyewe, kwa maneno mazuri, na ufunguo akautupa nje.

Nilitaka nami nisiende. Alikataa katakata. "Utakwenda. Na usiende kama mzigo." Akanipa maswali, akanikaririsha, na mimi nikaenda Italia na Uhispania, mimi ambaye mpaka leo nikiulizwa nataka kula nini nitasema chapati na maharagwe.

Niliporudi alinikalisha kitandani kwake, akavuta pazia, tukawa wawili ndani ya ule mwanga mwekundu wa kitambaa. Alitaka kila kitu. Nikamwambia habari za masoko, na wanaume wa Kihispania waliosimama kwenye kaunta wakila vipande vidogo kutoka sahani moja huku wakisukumana. Alikuwa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, endelea. Nikamwambia kwamba mpishi mmoja wa Kiitalia alitupeleka kwa bibi yake, kijijini milimani, na bibi huyo akaimwaga polenta yote katikati ya ubao mkubwa wa mbao, akaweka mchuzi juu, na familia nzima ikazunguka ubao, kila mtu akila kutoka ukingo wake kuelekea katikati.

"Bila sahani?"

"Bila sahani, Mwalimu. Kama sinia."

"Na wewe ulikula kwa kutumia nini? Kwa uma?"

"Uma ulinishinda. Nilisahau, nikamega kwa mkono."

Alishika goti langu. "Wakacheka?"

"Bibi alinitazama. Halafu akaweka uma wake chini, naye akamega."

Mwalimu alikaa akitazama pazia, na machozi yakawa yanashuka bila uso kubadilika. Nilidhani ni furaha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, "Pale palikuwa pangu," akalala akageukia dirishani. Iliniuma, na inaniuma. Hakunilaumu kamwe, wala hapakuwa na la kunilaumu, lakini tangu siku hiyo masomo ya siku ya ofu yalikwisha. Dada Mganda akawa anatia sauce yake bila kuulizwa, na siku moja aliniambia afadhali angegombezwa. Pasipoti zilirudi kabatini. Mwalimu alipika wali mweupe katika sufuria lisiloshika, akavaa barakoa ya uso wa heshima, yes sir, no sir, mpaka mkataba ukaisha. Akahamia kwa mwajiri mwingine, mama mmoja wa Kihindi mwenye mkahawa mdogo Bur Dubai, na tukaanza kupotezana, leo simu, kesho salamu tu kupitia kwa watu wa kanisani.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa muongo ule, alasiri moja, kwenye mgahawa wa chai Karama, ule wenye viti vya chuma nje. Mimi nilikuwa nimefunga mizigo ya kurudi nyumbani kabisa. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi upande mmoja, lakini suti ilikuwa ile ile na imepigwa pasi. Tukaagiza chai ya maziwa. Kabla haijafika alitoa pasipoti mkobani akaifungua mbele yangu. Viza ilikuwa hapo. Italia na Uhispania, na tarehe bado haijapita.

Nilipiga kelele watu wakageuka. "Mwalimu! Haki ya Mungu!"

"Madam ameniandikia barua. Naenda wiki ijayo."

Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Nikamuuliza kulikoni.

"Binti wa dirishani aliniuliza kama napenda chakula chao," akasema. "Nikamwambia hapana."

"Hapana?"

"Nikasema kinanijaza tumbo gesi. Nikasema mimi ni mtu wa ugali, naenda kwa kuwa madam amenituma, na nitarudi hata kabla ya siku zangu kwisha." Aliifunga pasipoti, akaweka kiganja juu yake. "Aliniamini palepale. Hata macho hakuyainua. Mara ya kwanza niliwapa kweli tupu, wakaniona mwongo. Nimetoka nje nikasimama, nikasikiliza kama kuna jogoo atawika."

Nilijaribu kumfanyia mzaha, kwamba Bur Dubai jogoo wote wako kwenye friji. Hakucheka. Chai ikaja, hakuigusa. Nikamwambia ya dirishani ni ya dirishani, hakuna anayeapishwa pale, kila mtu husema la kumpitisha. Aliniacha nimalize.

"Wewe umekaa mezani kwao," akasema hatimaye. "Nijibu kweli. Mtu akila, wanaweza kumtambua kwamba aliwahi kuwakana?"

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Wataona una njaa tu."

Akaipima ile kauli kama anayesahihisha daftari, midomo ikimcheza. Kisha akaichukua pasipoti akaitia kifuani.

"Basi," akasema, "hiyo njaa ninayo."